Kinyozi wa Kichwa Chake

Upande wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, kwa hiyo Filemoni aliupunguza. Sasa wa kushoto ukawa mrefu. Alikuwa anatumia mkasi wa kushonea na kipande cha kioo alichokiegemeza dirishani, na alikusudia kuondoa nywele chache tu: zile zilizogandamana na damu juu ya sikio.

Kwa kinyozi asingeweza kwenda. Vinyozi huuliza.

Aliweka mkasi chini, akachukua wembe. Alipomaliza, kichwa kilikuwa kipara, isipokuwa vishungi vya kisogoni ambavyo mkono haukuvifikia. Kidonda kilichokuwa kimefichwa na nywele sasa kilionekana kutoka mlangoni.

"Umejimaliza," alisema mkewe, Esteria, akiwa amesimama palepale mlangoni. "Ukiulizwa, utasema nini?"

"Nilijigonga kwenye boriti ya jikoni."

"Lini?"

"Jana usiku."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Umelala."

"Vizuri." Akamvika kofia ya sufu, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

Kitandililo kuna baridi. Kofia haimshangazi mtu. Lakini usiku huohuo wa jana Odilo alikuwa amemkuta mtu katika shamba lake la parachichi, akamtwanga kichwani kwa mpini wa jembe, na mtu yule akakimbia na gunia. Tangu asubuhi mwenyekiti wa mtaa, Rabson, alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na mgambo mmoja, na kila mwanamume alivuliwa kofia.

Walifika chai ikiwa bado jikoni.

"Kamwene, Baba Erica," alisalimu Rabson. "Kofia."

Filemoni aliivua. Mgambo aliangua kicheko. "Nani kakunyoa, panya?"

Rabson hakucheka. Alikitazama kidonda, akasikiliza habari ya boriti, kisha akaingia jikoni kuiona. Ilikuwa juu mno. Filemoni asingeigusa hata kwa kunyoosha mkono.

"Mama Erica, jana usiku huyu alikuwa wapi?"

"Mimi nililala mapema," alisema Esteria. "Siwezi kujua."

Filemoni alimtazama mkewe, kisha akamtazama mwenyekiti.

"Nikikubali, nalala wapi?"

"Mahabusu, Makambako. Mpaka kesi isikilizwe."

"Ni mimi."

"Gunia liko wapi?"

"Nifungeni kwanza."

Mgambo alikuwa amekwisha kumfunga mikono kwa kamba simu ya Rabson ilipolia. Rabson alisikiliza, akaitikia mara kadhaa, akairudisha mfukoni.

"Mwizi wa Odilo amepatikana Njombe, anashonwa kichwa. Na gunia analo." Akamgeukia Filemoni. "Sasa wewe ulikuwa unakubali nini? Mgambo, mfungue."

Filemoni alirudi nyuma ili kamba isifikiwe.

"Twende tu, mwenyekiti."

"Wapi? Kwa kosa gani?"

"Mtalijua mbele ya safari."

Mgambo alicheka tena. Esteria naye alitabasamu, akashuka kizingiti, akamnyooshea mumewe mkono.

"Ingia ndani, Baba Erica," alisema kwa upole.

Filemoni aliinua mikono yake iliyofungwa, akajikinga kichwa.