Uzinduzi wa Spidi

Mwalimu Kailemia aliuinua ufunguo wa pikapu, akina mama wote wakasimama, kisha akaushusha tena.

"Kabla sijaukabidhi," alisema, "je, mnalijua neno mlilolipaka ubavuni mwa gari lenu?"

Neno lilikuwa SPEED. Kathure, mwenyekiti wa kikundi, alijibu kwa heshima kwamba maana yake ni mbio. Ndani ya pikapu, miraa waliyoifunga alfajiri ilikuwa imelala chini ya majani ya migomba. Na miraa, kama kila mtu wa Muthara ajuavyo, haimngoji mtu; ikinyauka haina mnunuzi. Bundi, mnunuzi wa sokoni, alikuwa ameahidi kwamba atakayemfikia kwanza asubuhi hiyo ndiye atakayemuuzia mwaka mzima.

Mwalimu alitabasamu vile anavyotabasamu katika darasa la gumbaru, ambako ndiye aliyemfundisha Kathure kuandika jina lake. Nani angemkatiza? Isitoshe, alikuwa amejitolea mwenyewe kuwa mgeni wa heshima, akaja kwa miguu, akisema gari lake lina shughuli.

Akaeleza kwamba Waingereza wa kale hawakulitumia neno hilo kwa mbio hata kidogo. Lilimaanisha ufanisi, neema, kustawi. Msafiri aliombewa "speed" kwa Mungu, yaani afanikiwe, hata kama atakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mbio zilizuka baadaye, zikaliharibu neno. Akawataka walitamke pamoja. Wakalitamka. Akawataka walirudie, kwa kuwa waliokaa nyuma hawakuivuta vizuri sauti ya katikati.

"Mwalimu, jua linapanda," Kathure alinong'ona.

"Mwanafunzi wangu, anayetafuta kufanikiwa ana haja gani ya kukimbia?"

Wakapiga makofi. Wengine waliyaandika maneno hayo. Dereva alikuwa amesinzia juu ya usukani. Mwalimu akaomba wimbo, kisha sala, kisha akaomba wimbo mwingine kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa mfupi. Hatimaye akautoa ufunguo, akawapungia mkono mpaka walipopotelea kwenye kona.

Walimkuta Bundi akifunga turubai la lori lake.

"Poleni, akina mama," alisema. "Mke wa Mwalimu Kailemia alinifikia umande haujakauka, gari limejaa miraa. Nilitaka kuwangoja na ninyi, lakini akaniambia nisijisumbue: mzee angewakalisha mpaka saa nne."