Meno ya RAM

Nilipobonyeza kitufe, kompyuta mpakato yangu ililia piii ndefu na kioo kikabaki cheusi. Mtihani wetu wa darasa la jioni ulikuwa kesho yake, na asiye na kompyuta hafanyi.

“Mama, hiyo ni ya kutupa,” alisema Hans, kijana anayeuza kompyuta mjini, ambaye hukaa mbele yangu darasani. “Siku hizi mashine haitengenezwi, inabadilishwa.”

“Kwetu Nkoaranga jembe likivunjika mpini hatutupi jembe,” nilimjibu.

Darasa zima likacheka.

Nikaizima, nikatoa betri, nikafungua skrubu za mfuniko wa chini na kuchomoa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Ni kibao chembamba chenye urefu wa kidole changu, na ukingoni kina meno ya rangi ya dhahabu. Meno yale yalikuwa yameingia weusi. Juma lile mwalimu alitufundisha kuyasafisha kwa ufutio wa penseli, basi nikayasugua taratibu, jino kwa jino, kama ninayempangusa mtoto mchanga tongotongo. Nikakirudisha kibao mahali pake mpaka kikalia ka! Kisha nikarudisha mfuniko na betri.

“Bwana Yesu, nina miaka hamsini na mitatu,” niliomba kwa sauti, nikisahau kwamba siko peke yangu. “Mtihani huu nautaka.”

Nikabonyeza. Feni ikavuma. Kioo kikawaka!

“Haleluya!” Nilipiga kelele hadi watu wa darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Hans alisimama, akaiinamia ile mashine, kisha akanitazama.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Vuta kiti nikuoneshe.”