Picha za Migongo

Tangu maandamano yaanze asubuhi, Mwanaidi alikuwa akipiga picha za migongo tu. Ndivyo walivyokubaliana yeye na wenzake chuoni: uso wa mtu ukionekana leo, kesho anagongewa mlango. Kwa hiyo aliufuata umati kwa nyuma, akipiga visogo, mabango na visigino vyenye vumbi.

Mama mmoja wa safu ya mwisho akageuka.

"Mwanangu, mbona hunipigi uso?"

"Nakulinda, mama. Wasije wakakujua."

Yule mama akachomoa picha kifuani, iliyokunjwa hata ikaanza kuchanika. Kijana mwenye shati la mistari alikuwa ameipa kamera mgongo. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa chuo chao.

"Huyu ni Shomari wangu. Hajarudi tangu maandamano ya mwaka jana. Nimezunguka na picha hii kila kituo cha polisi, wananiambia migongo yote ni sawa." Akaikunja taratibu. "Mimi nikipotea, wanangu waliobaki wawe na cha kuonyesha."

Kule mbele askari walikuwa wamekwisha kupanga ngao. Mwanaidi akainua kamera. Mama akavua kilemba, akamkazia macho, huku akienda kinyumenyume ili asiachwe na wenzake. Mwanamke wa pembeni yake, aliyesikia yote, naye akageuka. Kisha wa tatu. Mwishowe safu nzima ikawa inazifuata zile ngao kinyumenyume, nyuso zote zikimtazama Mwanaidi, na kidole chake kingali juu ya kitufe.