Fundo la Kanga

Shaibu alimbeba mwanawe mgongoni kwa kanga ya mkewe, akapiga fundo kifuani, akashika njia ya duka la dawa mchana kweupe. Angeweza kupita uchochoroni. Hakutaka.

Kwenye kibaraza cha wacheza drafti vicheko vikalipuka.

"Bi Shaibu, shikamoo!" mmoja akapaza sauti.

"Mama yake yuko kitandani, homa imemlaza," Shaibu akajibu huku akitembea. "Mlitaka mtoto nimwachie nani? Nyinyi?"

Ndipo akamwona baba yake, Mzee Makame, katikati yao, kete mkononi. Vicheko vikakatika. Mzee akaitupa kete, akainuka, akamjia mwanawe na kumzibia njia.

"Unanivua nguo mbele ya watu," akasema kwa sauti ya chini. "Rudi nyumbani."

"Nisamehe, baba. Sirudi."

Mtoto akaangua kilio, akafurukuta, na fundo likaanza kulegea. Mzee akalidaka kwa mikono miwili. Barazani wote wakanyoosha shingo. Shaibu aliitazama ile mikono ikilishika fundo kifuani pake, asijue kama baba yake anafungua au anakaza.