Kahawa ya Wageni wa Kansay

Wilibrodi hakuwa na mke; alimzika zamani. Hakuwa amepata mtoto mwingine baada ya Selestina. Hakuwa na hamu ya chakula. Hakuwa na siki, na duka la jirani halikuwa nayo. Na hakuwa na jibu la kuwapa wazee wa Kansay.

Kwa hiyo alikuwa amekaa jikoni tangu asubuhi, akikamua ndimu.

Mashine ya kahawa ilikuwa mezani mbele yake. Selestina ndiye aliyeileta, siku loji alikokuwa akifanya kazi iliponunua mpya. Mpaka siku hiyo Wilibrodi alikuwa amelima kahawa maisha yake yote, akaiuza yote, akanywa chai.

"Baba, wewe ni kama mtu anayefuga ng'ombe halafu ananunua maziwa ya pakiti," Selestina alimwambia, na akacheka mpaka akashika ukuta.

Sasa mashine ilikuwa imeziba. Maji ya kisima cha kijiji yana chokaa, na kila sufuria ya mtaa ule ina ukoko mweupe ndani. Ukiiwasha ilikoroma, ikatema mvuke, ikatoa tone moja, ikanyamaza. Kazi ya kuisafisha ilikuwa ya Selestina. Wilibrodi alikuwa akimtazama tu, bila kujua kwamba anajifunza.

Dada yake, Lusia, aliingia, akasimama mlangoni.

"Kaka! Ndimu zangu zote?"

"Siki hakuna."

"Na hivyo vidole vilivyochanika? Huungui?"

Wilibrodi akavitazama. Alijikata akipogoa mibuni. Maji ya ndimu yalikuwa yameingia kwenye kila mchubuko.

"Sisikii kitu," akasema.

Alichuja maji ya ndimu kwa kitambaa ili mbegu zisipite, akaongeza maji ya kawaida, akamimina yote kwenye tangi la mashine.

"Umewajibu wale?" Lusia akauliza.

"Bado."

"Hii ni barua ya pili, kaka. Wangeweza kupiga simu, lakini jambo kama hili halisemwi kwenye simu. Wameonyesha adabu. Wanaomba siku tu. Watakuja na kondoo na asali, kama inavyotakiwa."

"Na ng'ombe."

"Na ng'ombe."

"Sitaki ng'ombe wao. Mtoto wangu habadilishwi na ng'ombe."

"Nani kasema anabadilishwa? Ndiyo desturi." Lusia akavuta kigoda, akaketi. "Na kijana wao, Emmanueli, watakuja naye. Nasikia ameacha kuendesha watalii, anachunga ng'ombe wa baba yake. Chakula hakipiti kooni. Amekonda."

"Akonde."

"Na wewe umekonda. Mmekuwa kama mnashindana."

Siku nyingine Wilibrodi angecheka. Alibonyeza swichi. Mashine ikakoroma, ikaanza kudondosha tone moja moja.

"Hii ikishuka vizuri, nitawajibu," akasema.

"Kumbe siku hizi mzee wa ukoo ni mashine?"

Lusia alijua vizuri kilichomzuia kuwajibu wazee. Mtu ukishamkaribisha ndani, mkanywa pamoja mbele ya wazee, neno limekwisha. Huwezi kesho kuamka ukasema umebadili mawazo. Na katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kunywa kahawa. Hiyo ilikuwa amri ya Selestina.

Nusu ya maji iliposhuka aliizima mashine, akaiacha ndimu ifanye kazi yake ndani, kama alivyoona ikifanywa. Lusia akafagia maganda. Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya mibuni. Wilibrodi alikaa mikono magotini, akiitazama taa nyekundu iliyozimika.

Alipoiwasha tena, mashine ilitikisika. Vipande vyeupe, vyembamba kama maganda ya yai, vilianguka ndani ya jagi. Halafu maji yakaja, si matone tena, yakawa uzi mmoja usiokatika.

"Haya, mzee wa ukoo amesema," Lusia akanong'ona.

Wilibrodi akaisuuza kwa maji ya mvua, akaisuuza tena mpaka harufu ya ndimu ikaisha. Akaweka karatasi ya kuchujia na vijiko vya kahawa ya shambani kwake. Harufu ilipojaa jikoni, Lusia aliinuka ghafla, akageukia dirishani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Wilibrodi alisubiri asikie chochote kifuani. Hakusikia. Akaonja. Kahawa ilikuwa nzuri.

Akachukua karatasi, akaandika: *Njooni Jumamosi. Kahawa itakuwepo.* Akatia sahihi, akaikunja. Alipoupitisha ulimi kwenye gundi ya bahasha alikuta ladha ya ndimu iliyotoka vidoleni mwake. Akaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

Mepukori, kijana wa bodaboda, alikuwa akingoja barabarani. Alikuwa na abiria wa kwenda Kansay. Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia ndani ya jaketi.

"Kuna la mdomo, babu?"

"Lipo. Waambie gari waliache barabarani," Wilibrodi akasema. "Emmanueli atembee kwa miguu, kuanzia pale alipomgonga Selestina, mpaka hapa kaburini kwake. Akishafika, nitammiminia mwenyewe."

Mepukori akainamisha kichwa, akawasha pikipiki, na barua ikaondoka.