Kufuli Lisiloshika Kutu

Ndunge alilivuta kufuli mara tatu kabla ya kuondoka penye tangi. Halikutikisika. Nje ya ua, jirani yake Syokau alikuwa akiteta kwa sauti, na Ndunge akatabasamu. Atete mpaka achoke; maji haya hatayachota tena.

Makufuli matatu ya dukani yalikuwa yamemfia mwaka huo. Maji ya kisima cha Tseikuru yana chumvi, na yakidondokea chuma hukitafuna mpaka kikavunjika kwa vidole. Kiangazi nacho kikikaza, hata mshirika mwenzako wa kanisa huja na mtungi bila hodi.

Hili la nne lilikuwa la shaba, zito, limepakwa rangi nyekundu. Ndunge alilikuta pamoja na ufunguo wake ndani ya suruali ya kazi ya mumewe, Muthama, alipokuja nyumbani Pasaka. Akalifunga kwenye tangi, ufunguo akauvaa shingoni. Muthama alirudi Mombasa bila kukumbuka.

Huko alifanya kazi ya mabomba katika kiwanda cha umeme. Maji ya bahari huvutwa kupoza mashine, na hutiwa dawa ili kome, viumbe wa baharini wenye magamba, wasiote ndani. Mwaka huo dawa ilikosekana miezi miwili. Kome wakaota, bomba kubwa likaziba nusu, na sasa ilibidi watu waingie wakitambaa kuwakwangua.

Jumatatu Muthama alipiga simu.

"Mama Mwongeli, hiyo kufuli nyekundu nitumie na basi kesho."

"Ya kufungia sanduku lako? Ai! Wezi wako huku, Baba Mwongeli, si huko."

"Ni ya kazi. Naona haya kuambia bosi niliibeba nyumbani."

"Sawa. Nitatuma Ijumaa."

Hakuwa na nia ya kutuma. Kiangazi hakina aibu, naye alikuwa na watoto watatu wa kunywesha. Ijumaa ikapita. Muthama hakuuliza tena. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kumsumbua yeyote, na Ndunge alimpendea hilo.

Jumatano iliyofuata alikuwa akijaza mtungi simu ilipolia. Ni Ben, mwenzake Muthama kazini. Alilia kwanza, kisha akasema.

"Pole, shem. Muthama alikuwa ndani ya bomba. Mtu wa zamu akawasha pampu, maji yakamzamisha."

Ndunge alikaa chini palepale kwenye tope. Mtungi ulijaa, ukafurika, maji yakamwagika na hakuyaona.

"Kwani hakujua kuna mtu ndani?"

"Angejuaje, shem? Kila mtu akiingia, anafunga swichi ya pampu kwa kufuli yake isiwashwe, anabeba ufunguo. Swichi ilikuwa wazi, bila kufuli." Ben akapenga kamasi. "Yake ni nyekundu, ina jina lake chini. Tumeitafuta kiwanda kizima, hatuioni."