Maji Yasiyotaka Jua

Sindano ilipotoka tumboni mwa Mwanakheri, daktari alimimina maji ya uzazi kwenye kichupa, manjano kwa mbali. Bi Subira wa maabara akakifunga upesi kwa kitambaa cheusi.

“Mbona unayaficha, dada?”

“Jua likiyapiga yatapoteza rangi. Na rangi ndiyo itakayotuambia kama damu ya mwanao i salama.”

Mwanakheri akachomoa kanga mpya mkobani. “Basi mfunike kwa hii. Wawili waliomtangulia sikujaaliwa kuwafunika.”

Bi Subira akakizungushia kichupa kanga ile, akatoka nacho. Korido ilifurika jua, ndefu kama ya ndotoni. Kutoka kitandani, kupitia mlango uliokuwa wazi, Mwanakheri alimtazama akienda, akigeuza bega kila penye dirisha, na mkono wake ukikipigapiga kile kifurushi polepole, kama amlazaye mtoto.